UZI: Tangu Januari 2022 naingia kasino za Nairobi na sichezi. Nawaeleza ninavyojizuia

DerevaWaMara
Jumapili, saa 2:10 usiku

Wadau, hamjambo. Mimi ni dereva wa watalii, mkazi wa Umoja, baba wa watoto wawili. Kazi yangu ni kuwapokea wageni JKIA, kuwapeleka Mara, Amboseli au Naivasha, na kuwarudisha salama. Usiku wao wa mwisho hapa mjini, wengine huomba niwapeleke kasino. Kwa hiyo najikuta humo ndani mara mbili kwa mwezi, na msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara, kuanzia Julai hadi Oktoba, hata mara tano. Tangu Januari 2022 sijaweka mezani hata shilingi moja. Kabla ya hapo niliweka pesa za watu.

Naandika leo kwa sababu ya kijana tunayefanya naye kazi. Juzi tulikuwa tunaosha magari akaniambia, "Mzee, mimi nina nidhamu. Naingia na 5,000 tu, zikiisha natoka." Nilishindwa kumjibu. Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2018, na niliyaamini kabisa.

Mara yangu ya kwanza nilishinda, na ningependa kila mtu anayesoma hapa asimame kwenye sentensi hiyo kidogo. Mgeni alinipa 1,000 akaniambia nijaribu bahati. Nikaiweka kwenye nyeusi pale meza ya ruleti, lile gurudumu lenye gololi na namba nyekundu na nyeusi, ikawa 2,000. Nikaacha zote, zikawa 4,000. Kufikia saa sita usiku nilikuwa na 23,000, pesa ambazo barabarani nazitafuta wiki mbili nikila vumbi la Narok. Asubuhi nilinunua nyama kilo mbili na viatu vya shule. Mke wangu akauliza zimetoka wapi. Nikasema mgeni amenipa bakshishi. Tangu siku hiyo, kila nilipopoteza, nilikuwa naupima usiku huu kwa ule wa kwanza, kana kwamba ule ndio wa kawaida na hii mingine yote ni hitilafu.

Mwaka 2020 corona ilifunga kasino na ikaua utalii. Nilikaa nyumbani nikiuza mayai. Kazi iliporudi 2021 nilikuwa na madeni ya kodi na karo, na mtu mwenye madeni huiangalia meza ya ruleti kwa jicho tofauti na mtu aliyeenda kujiburudisha. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha mtaa. Wanachama 14, kila mmoja 3,000 kwa mwezi, jumla 42,000. Zinaingia kwenye simu yangu, kesho yake nazipeleka benki.

Ilikuwa Ijumaa ya Novemba 2021, huko Westlands. Nilikuwa na 5,000 zangu kama kawaida. Ziliisha kwa dakika arobaini hivi. Na nilisimama! Nataka mjue kwamba nilisimama, nikafika hadi mlangoni, askari akanifungulia. Nidhamu yangu ilifanya kazi yake yote hadi pale mlangoni. Ila mfukoni nilikuwa na simu, na ndani ya simu zilikuwamo 42,000 za chama. Nikajiambia nakopa 5,000 tu, nikirudisha zangu naziweka zilipokuwa. Keshia wa kasino anapokea M-Pesa. Aliniita kwa jina. Nilipoketi tena nikaletewa wali, kuku na soda, bila malipo, na sijui ni nani aliyewaambia kwamba sijala tangu mchana. Kufikia saa tisa usiku 42,000 zilikuwa zimekwisha, na juu yake nilikuwa nimevuta 3,000 za Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mgeni wangu alitoka akicheka, amepoteza dola hamsini, akaniuliza kama nimechoka kuendesha.

Nilimfikisha hotelini, nikaegesha gari kando ya Waiyaki Way, nikakaa hadi kukapambazuka.

Saa moja asubuhi nilikwenda soko la Mutindwa kwa mwenyekiti wetu, mama anayeuza mboga. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku anaendelea kukata sukuma wiki, hakuinua macho. Nilipomaliza akasema, "Baba, utalipa. Na hutashika pesa za watu tena." Basi. Nililipa 6,000 kila mwezi kwa miezi saba. Darubini yangu ya kazi niliiuza ili nipate ya mwezi wa kwanza. Mke wangu nilimwambia siku hiyo hiyo, jioni, na hayo ya nyumbani nitayaacha nyumbani.

Nilichojifunza ni kwamba nidhamu haianzi ukiwa umekaa mezani. Pale mezani kuna taa, muziki, chakula, mtu anayekuita kwa jina, na kichwa chako kimeshaanza kudanganya. Ukisubiri hadi hapo ndipo uamue, umechelewa. Uamuzi wangu mimi naufanya sebuleni kwangu, saa kumi na moja jioni, nikiwa na akili timamu na watoto wakifanya kazi ya shule mbele yangu. Nikifika kasino hakuna kilichobaki cha kuamua.

Kabla ya kumchukua mgeni naacha nyumbani simu kubwa na kadi ya benki. Ninabeba mulika mwizi, na laini iliyomo haijasajiliwa M-Pesa. Mgeni akinihitaji ananipigia, inatosha. Pesa ya mafuta naweka kabla, pesa ya dharura 500 iko kwenye gari, chini ya mkeka wa miguu. Nakula nyumbani nikashiba, maana mtu mwenye njaa ataletewa sahani, na aliyeletewa sahani huona vibaya kukaa bure. Ndani siketi. Nasimama karibu na mlango, upande usioonyesha meza, na nikishikwa na hamu natoka nje kuangalia tairi. Hamu ile, nimeipima, hudumu kama dakika ishirini. Ni kama tumbo la njaa, linauma kisha linanyamaza lenyewe usipolipa kitu.

Siku ya mshahara ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo siku hiyo pesa hazilali kwenye simu. Kodi, karo, SACCO, deni la duka, zote zinatoka kabla ya saa mbili usiku. Kinachobaki ni cha unga.

Anayepitia haya aandike. Na anayeona nimekosea aniambie pia.

---

MezaYaZamani
Jumapili, saa 3:25 usiku

Kaka, pole, na asante. Nilisimama nyuma ya meza ya ruleti miaka sita hapa Nairobi, nikaacha nilipopata mtoto wa pili. Acha niongeze yanayoonekana kutoka upande ule.

Wateja wengi waliamini tunawaibia. Hakuna haja ya kumwibia mtu. Gurudumu la Ulaya lina namba 37, yaani 1 hadi 36 pamoja na sifuri ya kijani. Ukiweka 100 kwenye namba moja ikatoka, unalipwa mara 35 na 100 yako inarudi. Sasa fanya hivi kichwani: weka 100 kwenye kila namba, zote 37. Umetoa 3,700. Lazima moja itoke, huwezi kukosa. Utapewa 3,600. Umeshinda na umepoteza 100 kwa wakati mmoja. Hiyo 100 katika 3,700 ni asilimia 2.7, na ndiyo inayolipa taa, zulia, mshahara wangu na ule wali wako na kuku. Lile gurudumu la Marekani lenye sifuri mbili ni baya zaidi, linakata asilimia 5.26.

Asilimia 2.7 inaonekana ndogo. Lakini haikatwi kwenye pesa uliyoingia nayo, inakatwa kila mara unapoweka. Ukiweka 200 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, umeshaweka 8,000 ndani ya saa moja ingawa uliingia na 5,000. Ndiyo maana tulifundishwa kutopoteza muda kati ya mzunguko na mzunguko.

Kitu kingine ni vile vidude vya plastiki. Vya ruleti sisi tuliviita rangi, na havina bei iliyoandikwa. Kila mchezaji anapewa rangi yake, na thamani yake tunakubaliana anaponunua. Noti ya 1,000 unaijua, unajua ni unga, mafuta na nauli ya wiki. Kidude cha bluu hukijui ni nini. Nimeona mwanamume akibishana na mke wake kwenye simu kuhusu 300 za gesi, huku mkono wa pili unasukuma rangi za 4,000.

Na mshindi mkubwa hatukumchukia kamwe. Meneja alikuja kumpongeza, akampa chakula, akamtafutia gari la kumfikisha nyumbani. Alirudi. Karibu wote walirudi.

---

Namba17
Jumapili, saa 4:02 usiku

Kwa heshima zote, wazee, ninyi mlicheza kwa hisia. Mimi natumia mfumo. Naanza na 100 kwenye nyekundu. Nikikosa naweka 200, kisha 400, naongeza maradufu hadi itoke, na ikitoka nimerudisha zote na 100 ya faida. Haiwezekani nyeusi itoke milele. Natazama ubao wa taa, nyeusi ikitoka mara nne ndipo naingia. Wiki tatu sijatoka na hasara. Hiyo nayo si nidhamu?

---

MezaYaZamani
Jumapili, saa 4:40 usiku

Mdogo wangu, mfumo huo nimeuona kila wiki kwa miaka sita, na nitakuandikia hesabu yake kwa sababu naona unapenda hesabu.

100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400. Ukikosa mara saba mfululizo umetoa 12,700, na ya nane inakudai 12,800. Unatafuta nini na hizo 12,800? Faida ya 100 ileile. Na kila meza ina kiwango cha juu, huenda ukafika hapo wakakuambia huruhusiwi kuweka zaidi, na mfumo umekufa ukiwa bado una pesa.

Sasa utasema saba mfululizo ni ajabu. Nyekundu ni namba 18 kati ya 37. Kukosa mara saba mfululizo hutokea karibu mara moja katika kila 106 unapoanza upya. Ukicheza saa nne, utaanza upya karibu mara 80. Usiku mmoja tu wa hivyo, kukutana na saba hizo ni karibu nusu kwa nusu. Ukishinda mara 80 una 8,000. Ukikutana nazo mara moja 12,700 zimekwenda. Wiki zako tatu nakuamini kabisa. Hesabu inakubali wiki tatu.

Na ule ubao wa taa umewekwa pale kwa ajili yako, usiusome. Gurudumu halikumbuki lilitoa nini. Tulipokuwa mafunzoni tulisimuliwa usiku wa tarehe 18 Agosti 1913 kule Monte Carlo. Nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walijaa mezani wakiweka nyekundu, kila mzunguko wakiongeza, kila mmoja akisema sasa ni lazima. Mara ya kumi walisema lazima, mara ya ishirini wakasema lazima. Kwenye mzunguko wa 21 nyekundu ilikuwa na nafasi ileile iliyokuwa nayo kwenye wa kwanza.

Nidhamu unayo, nakubali. Umeifunga kwenye kitu kisicho na faida.

---

FundiSimu_Luthuli
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Natengeneza simu, kwa hiyo naongea la simu tu. DerevaWaMara amegusa penyewe. Kasino ya leo inaishi mfukoni, huna haja ya kufika Westlands. Ule mchezo wa kamari wa ndege inayopaa kwenye skrini unakula watu wakiwa chooni kazini.

Fuliza unaweza kujitoa, ila sharti ulipe deni lote kwanza. Jumbe za matangazo zizime kwa *456*9*5#. Akiba iweke M-Shwari, akaunti ya akiba ndani ya M-Pesa, ile ya kufungia, uchague miezi, maana pesa isiyotoka papo hapo haifiki mezani. Programu za mikopo zifute, na usifute ikoni tu, funga akaunti. Na kama una dada au kaka unayemwamini, laini yenye pesa nyingi ikae kwake. Mteja wangu mmoja laini yake iko Kitui kwa mama yake. Akitaka pesa anapiga simu, mama anauliza za nini. Swali hilo peke yake limemwokoa mara nyingi, ameniambia mwenyewe.

---

MamaWatatu
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Nimesoma yote mara mbili. Mimi ni mke wa mtu wa namna hii, naishi Kayole. Ya mume wangu ilianza na zile mashine za kutumbukiza sarafu ya shilingi 20 zilizokuwa nyuma ya duka letu, ikahamia simu, ikaishia kasino mjini.

Ninyi mnaongea ya mezani. Niwaambie ya nyumbani. Ukimlipia deni, umempa mtaji. Mara mbili nilichukua mkopo wa kikundi kumkomboa, na mara mbili alirudi ndani ya mwezi. Mara ya tatu nilikataa kumpa mkononi. Nililipa karo mwenyewe shuleni, nikalipa kodi mwenyewe kwa mwenye nyumba, na madeni yake nikamwachia. Majirani walinisema mwanamke gani huyu. Pia niliacha kumgombeza usiku anaporudi ameliwa. Usiku huo hasikii, ana aibu, na aibu inamrudisha kulekule akatafute cha kuifunika. Tulikuwa tunaongea Jumamosi asubuhi, tukiwa tumekunywa chai, na daftari la matumizi liko wazi.

Aliposema anataka kujiua, hapo sikungoja Jumamosi. Nilipiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, wakaongea naye, baadaye tukaenda Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Watu wanaogopa jina la Mathari. Ni hospitali, kuna daktari, mnaketi mnaongea. Daktari alituambia kwamba uraibu wa kamari siku hizi unawekwa pamoja na wa pombe na dawa za kulevya katika vitabu vyao vya tiba. Mume wangu alilia. Miaka yote alidhani ni yeye tu aliyeumbwa mbovu.

Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari iliposimamisha matangazo kwa siku 30, nyumba yangu ilipumua. Redio ilikuwa inawashwa asubuhi bila mimi kukimbilia kuipunguza sauti.

Sasa nina swali kwa DerevaWaMara, usikasirike. Umeacha simu, umekula, umesimama karibu na mlango. Vizuri. Lakini kwa nini unaingia? Mgeni ana miguu. Wewe una gari. Mume wangu angeniambia anaingia kasino kila wiki kusimama tu mlangoni, ningefungasha virago.

---

DerevaWaMara
Jumanne, saa 12:05 asubuhi

Mama, swali lako limeninyima usingizi. Jana usiku nilikuwa nimeshaandika jibu refu kuhusu kazi, usalama wa mgeni, na kampuni inavyotaka dereva awe karibu. Nikalifuta. Leo asubuhi nimejiuliza upya nikiwa napasha gari moto.

Ukweli ni kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuniambia niingie. Naingia mwenyewe. Na ndani nikisikia ile gololi inapunguza mwendo, inagonga vile vyuma vidogo, inataka kutua, moyo wangu bado unasimama. Miaka hii yote nimekuwa nikiuita huo ushindi, kwamba nausikia na sichezi. Pengine nilikuwa naenda kuusikia tu.

Usiku wa Alhamisi nina wageni wanne kutoka Ujerumani. Nitakaa garini. Nitaandika hapa ilivyokuwa.

---

MezaYaZamani
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Kaka, unaweza pia kumwona meneja ukaomba jina lako na picha viwekwe mlangoni usiruhusiwe kuingia. Enzi zangu walikuja wawili watatu kuomba hivyo, na tuliwaheshimu. Mmoja alirudi baada ya mwezi akitaka kuingia, akamtukana askari, akatukana na ukoo. Kesho yake alikuja na mkate wa kumshukuru.

---

Kijana_45
Jumatano, saa 4:50 usiku

Samahani kuingilia. Niko nje ya kasino hapa mjini, karibu na Moi Avenue. Nimeliwa 6,000. Nimebaki na 14,000 kwa simu, na 12,000 kati yake ni za nyumba. Nimetoka nje kupata hewa nikafungua uzi huu. Mtu aniambie kitu tafadhali.

---

DerevaWaMara
Jumatano, saa 4:52 usiku

Niko hapa. Kodi unalipa kwa simu?

---

Kijana_45
Jumatano, saa 4:53 usiku

Ndiyo. Lakini mwisho ni tarehe 5, leo ni tarehe 2 tu.

---

DerevaWaMara
Jumatano, saa 4:53 usiku

Hakuna mwenye nyumba anayekataa kodi ya mapema. Ilipe sasa hivi, ukiwa umesimama hapohapo. Usinieleze kitu kingine. Ikienda, andika "imeenda".

---

Kijana_45
Jumatano, saa 5:01 usiku

Imeenda.

---

MamaWatatu
Jumatano, saa 5:02 usiku

Mungu akubariki mwanangu. Sasa tembea. Usisimame hapo mlangoni. Kituo cha gari lako kiko wapi?

---

Kijana_45
Jumatano, saa 5:06 usiku

Nakaa Githurai, naenda kituo cha 45. Ila nina 2,000. Bado kichwa kinaniambia nikirudi nazo naweza kurudisha zile 6,000. Mara moja tu halafu nikatoka.

---

MezaYaZamani
Jumatano, saa 5:08 usiku

Ulinunua kwa noti au kwa simu?

---

Kijana_45
Jumatano, saa 5:09 usiku

Noti. Nilitoa kwa wakala.

---

MezaYaZamani
Jumatano, saa 5:11 usiku

Basi nikuambie ziko wapi. Pale mezani kuna mwanya mwembamba. Ulipotoa noti, mhudumu alizitandaza zionekane kwa kamera, kisha akazisukuma kwenye mwanya kwa kibao. Chini yake kuna sanduku lenye kufuli, na yeye mwenyewe hana ufunguo. Usiku mimi nilikuwa naona masanduku hayo yakibebwa kwenda chumba cha kuhesabia. Noti zako ziko humo, chini ya za watu wengine. Juu ya meza hakuna chako kinachokusubiri, ni kitambaa tu.

---

DerevaWaMara
Jumatano, saa 5:13 usiku

Endelea kutembea. Ukipanda gari andika.

---

DerevaWaMara
Jumatano, saa 5:48 usiku

Umepanda?

---

MamaWatatu
Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu, tuko hapa bado.

---

Kijana_45
Alhamisi, saa 8:35 mchana

Nimeona aibu kuandika. Sikupanda gari. Nilifika kituoni, nikasimama kwenye foleni, nikageuka. Zile 2,000 hazikumaliza dakika kumi na tano. Nilitembea hadi Pangani, nikampata boda wa mtaani kwetu akanibeba kwa deni. Leo asubuhi mwenye nyumba amenitumia risiti, akaniandikia asante kwa kuwahi. Nimeisoma nikiwa kazini nikaingia chooni kulia.

---

MamaWatatu
Alhamisi, saa 8:41 mchana

Umeandika, na hilo ni kubwa. Umekula leo?

---

Kijana_45
Alhamisi, saa 8:44 mchana

Mwenzangu amenigawia chapati na madondo.

---

Namba17
Alhamisi, saa 9:10 mchana

Mimi nimekuwa nikisoma kimya tangu Jumapili. Ile hesabu ya 12,700 niliifanya upya mwenyewe kwa kalamu. Wikendi hii siendi. Baada ya hapo sijui, ila wikendi hii siendi.

---

DerevaWaMara
Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Jana wageni waliingia saa nne usiku wakatoka saa saba. Nilikaa garini na thermosi ya chai. Saa ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea, nilifungua mlango wa gari mara mbili nikaufunga. Baadaye nikaongea na askari wa maegesho, mtu wa Mwingi, mambo ya mvua na mbaazi, muda ukaisha.

Kijana_45, una kazi, kwa hiyo mshahara unakuja. Unaingia tarehe ngapi?

---

Kijana_45
Ijumaa, saa 1:32 asubuhi

Tarehe 30. Huwa unaingia saa kumi jioni.

---

DerevaWaMara
Ijumaa, saa 1:34 asubuhi

Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha, si hapa. Tarehe 30 nitakupigia saa tisa na nusu, na hatutakata simu hadi kodi ya mwezi unaofuata iwe imeenda.